Buibui wangu nimemhamishia Kabale, amejichimbia na hali. Ni baridi au kuna lingine?

#1 Mgeni_wa_Kabale
Wakuu salamu. Nina buibui mkubwa wa manyoya, hawa wanaoitwa tarantula. Akinyoosha miguu anajaa kwenye kisahani cha chai. Nilimpata Arua miaka miwili iliyopita tukichimba choo kwa mjomba. Mwenzangu alishanyanyua sepeto, nikawahi kumfunika kwa kopo la siagi, na tangu siku hiyo tunaishi wote. Nyumba yake ni boksi la plastiki la kuhifadhia nguo: udongo sentimita 12 hivi, gome la mti, na kifuniko cha kopo chenye maji.

Arua hatukuwa na kesi. Kila Ijumaa mende mmoja au panzi, na alikuwa anamdaka kabla hajatua vizuri. Mwezi wa tano kazi ikanileta huku Kabale, milimani kusini-magharibi mwa Uganda (natengeneza simu). Wiki ya sita hii hajala kitu. Amechimba pembeni mpaka amegusa sakafu ya boksi, namwona tumbo kupitia plastiki, miguu ameikunja. Juzi ameuziba mlango wa shimo kwa utando uliochanganyika na udongo.

Saa 12 asubuhi hapa ni nyuzi 13, mchana 22 au 23. Nafikiria kununua ile balbu nyekundu ya vifaranga nimwekee juu, au niwashe sigiri chumbani kila jioni. Nipeni ushauri kabla sijamuua Bi Mkubwa. Ndiyo, ndilo jina lake.

#2 Boda_Masaka
Nimefungua haraka nikidhani mtu anauza buibui za Idi, wife ananisumbua. Kumbe buibui mwenyewe anatembea. Banange, natoka.

#3 MamaVifaranga_Mukono
Mwanangu, balbu ndiyo yenyewe. Kifaranga wa siku moja nampa nyuzi 32 mpaka 35 wiki ya kwanza, halafu napunguza kama 3 kila wiki. Kiumbe akijikunyata ujue ana baridi. Vifaranga wakilundikana chini ya taa ni baridi, wakitawanyika ukutani midomo wazi ni joto. Sasa huyo wako amejikunyata. Nunua balbu, ining'inize, utaniambia. Chungu cha makaa natumia pia umeme ukikatika, ila banda langu lina wavu pande mbili.

#4 Nnabbubi256
Shikamoo Mama. Kwa vifaranga uko sahihi, kwa huyu hapana. Kifaranga ana joto la mwili la kulinda. Buibui hana lake, joto lake ni la mahali alipo. Ukimpa nyuzi 35 atakimbia, na mahali pa kukimbilia anapopajua ni chini.

Hapo ndipo wengi wanapoua. Porini joto linatoka juu kwa jua, ubaridi uko chini, kwa hiyo akizidiwa anachimba. Mtu anaweka mkeka wa umeme CHINI ya boksi, buibui anaona joto, anachimba kulikimbia, anazidi kuufuata moto. Kama ni lazima kupasha, pasha ubavu mmoja tu, mkeka uwe na themostati, na upande wa pili uache ulivyo. Achague mwenyewe. Balbu ya juu nayo inakausha udongo kabla hujamaliza chai.

Wengi wanaofugwa wanakaa vizuri kati ya nyuzi 20 na 28. Ikishuka chini ya hapo usiku hafi, ila kila kitu kinapungua mwendo: kula, kukua, kutembea. Mgeni, 13 yako ndiyo inanitia wasiwasi kidogo.

Na sigiri usithubutu. Ile gesi ya makaa haina harufu. Itakuondoa wewe kwanza, Bi Mkubwa abaki na nyumba.

#5 Mgeni_wa_Kabale
Nimekuelewa. Sigiri nimeifuta. Mama, samahani, balbu nayo inasubiri.

#6 Mwl_Jiografia_Mbale
Tuanze na ardhi. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Arua kama 1,200. Ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kwa nyuzi kama 6.5, kwa hiyo mita 800 ni nyuzi 5 na kitu. Umemhamisha mtu kutoka kijijini kwao ukampandisha mlimani bila koti.

Lakini mimi ninachokiangalia zaidi ni zile sentimita 12 za udongo. Udongo unapokea joto polepole na kulitoa polepole. Chimba nusu mita na mchana na usiku karibu havina tofauti, juu kukiungua, juu kukiganda. Mwenye shimo refu ana nyumba yenye hewa moja mwaka mzima. Wewe umempa kapeti. Kule chooni mlimkuta kina gani? Na boksi umeliweka wapi?

#7 Mgeni_wa_Kabale
Mwalimu, tulimkuta karibu usawa wa goti. Boksi liko sakafuni. Saruji.

#8 Mwl_Jiografia_Mbale
Basi amechimba kutafuta uvuguvugu akakutana na saruji ya Kabale. Sina la kuongeza.

#9 Mzee_Bombo
Vijana, mimi nimelala porini miaka mingi na hao viumbe. Asubuhi kabla ya kuvaa buti unalipiga chini mara mbili, hiyo ni amri. Hao wanakula ndege, na mbuzi akiumwa hafiki jioni. Sijui mtu mwenye akili anamwekeaje godoro na kumpimia homa. Mrudishe kwao.

#10 Nnabbubi256
Mzee, buti kweli, nami nalipiga. Mbuzi hapana. Sumu ya hawa wa Afrika inauma vibaya, misuli inaweza kukukaza siku kadhaa, lakini si ya kumaliza mbuzi kabla ya jioni. Na wetu hawana zile nywele za kuwasha wanazorusha wale wa Amerika. Wetu kazi yao kuinua miguu ya mbele na kuonyesha meno.

#11 Mzee_Bombo
Mbuzi alikuwa wangu, si wako.

#12 Dada_Entebbe
Mimi naona mnapoteza muda na joto. Nilifanya kazi kwa familia ya kigeni, wakaniachia buibui wao wa Meksiko, yule mwenye magoti mekundu, nikamtunza miaka mitatu. Hao wako kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo alikuwa na makaratasi yake kabisa, mimi mwenyewe paspoti sina. Hapa kando ya ziwa sikuwahi kumpasha hata siku moja.

Mwaka wa pili aligoma kula miezi minne. Tumbo likawa jeusi linang'aa kama biringanya, akatandika utando kama shuka. Siku moja naingia asubuhi namkuta chali, miguu juu. Nililia. Nikatafuta boksi la viatu la kumzikia. Jirani akaniambia subiri tule kwanza chakula cha mchana. Tulipomaliza kulikuwa na buibui wawili mle ndani: mmoja ganda tupu, mwingine mpya, rangi kama amepakwa jana.

Mgeni, wako amefunga mlango. Anajivua ngozi. Mwache, na kama kuna mende uliyemwacha mle mtoe. Akiwa hivyo ni laini, mende anaweza kumtafuna.

#13 Boda_Masaka
Nimerudi. Swali dogo: nsenene, wale panzi wetu wa kuliwa, anakula? Maana msimu ukifika mimi nauziwa kikombe kimoja bei ya nusu siku ya boda, nikisikia kuna mtu Kabale anamrushia buibui nitalia kwa sauti.

#14 Mgeni_wa_Kabale
Anakula. Mwezi wa 11 nilimpa watatu.

#15 Boda_Masaka
Watatu!! Wazima, na miguu yao?

#16 Gulu_Juakali
Ninyi wa baridi mna bahati. Mimi wangu aliuawa na joto, na kosa lilikuwa langu.

Ilikuwa Januari, kiangazi kimekolea. Nyumba ya mabati haina dari. Nilikuwa nimemweka kwenye tangi la kioo, nikalisogeza dirishani ili wageni wamwone, ujinga wa kujionyesha. Tukaenda msibani Kitgum siku mbili. Kurudi, nafungua mlango, hewa inanipiga usoni kama nimefungua sufuria. Kisahani cha maji kimekauka, kimebaki duara jeupe la chumvi. Yeye yuko katikati, si kwenye shimo, miguu yote minane imeingia chini ya kifua kama ngumi iliyofungwa. Nikamlaza mdomo karibu na maji, nikakesha na tochi. Alfajiri sikuhitaji tochi.

Kwa hiyo Mgeni, kila anayekwambia ongeza joto, kwanza muulize amewahi kuzika mmoja.

#17 Nnabbubi256
Pole sana ndugu yangu. Hiyo ngumi ni kiu kuliko joto lenyewe. Buibui ananyoosha miguu kwa kusukuma maji ya mwilini, misuli yake kazi yake ni kukunja. Maji yakipungua, miguu inarudi ndani yenyewe.

Mgeni, hili ulitazame vizuri: umesema ameikunja miguu. Imeingia chini ya kifua, au imekunjwa ubavuni, magoti juu? Ya ubavuni ni kulala tu. Na Dada_Entebbe #12 ameshasema, chali ni kujivua, chali si kufa. Watu wamezika wazima.

#18 Mgeni_wa_Kabale
Ubavuni, magoti juu. Nimepumua.

#19 Busia_Mpakani
Wadau, habari za huko. Swali ambalo hakuna aliyeuliza: nyuzi 13 umepima na nini? Nauliza kwa sababu mimi niliwahi kupima banda la sungura na themomita ya kwapani nikatangaza kwa mke wangu kwamba usiku kuna 35. Ile ya zebaki haiandiki chini ya hapo hata uiweke kwenye friji.

#20 Mgeni_wa_Kabale
Mmm. Ile ya kwenye simu. Ukurasa wa hali ya hewa.

#21 Busia_Mpakani
😂😂😂 Fundi simu!

#22 Mwl_Jiografia_Mbale
Hiyo ni hewa ya mji, bwana, tena ya kukadiriwa. Haijui kwamba una ukuta, una paa, na unakoroma chumbani. Mimi nimepiga hesabu ya mita 2,000 juu ya joto la simu! Tafuta themomita yenye waya, ncha yake ifike kwenye udongo karibu na shimo, si kwenye kifuniko.

#23 Mhaya_Mutukula
Ndugu zetu wa Uganda, ninawasoma tangu asubuhi. Kabla hamjapima, tusahihishe lugha. Boda wa #2: vazi ni mabuibui, mdudu ni buibui. "Buibui za Idi" ni nini?

#24 Dada_Entebbe
Na wewe sahihisha lako, buibui si mdudu. Wadudu wana miguu sita.

#25 Mhaya_Mutukula
Kwa Kiswahili hata chawa wa siasa ni mdudu. Nimekubali lakini.

#26 Boda_Masaka
Uzi wa buibui kuhusu nyuzi. Kiswahili mlikitengeneza usiku.

#27 SolaJinja
Nimechelewa, nilikuwa juu ya paa la mtu. Kuhusu umeme: kwa buibui mmoja msijitie gharama. Mkeka mdogo unakula wati chache, Yaka (mita ya umeme wa kulipia kabla) haitashtuka, tatizo ni ule usiku umeme unapokatika saa 4 unarudi saa 11. Joto linalopanda na kushuka ghafla silipendi kwa betri wala kwa buibui.

Fanya hivi. Omba kwa wauza samaki lile boksi jeupe la foamu, oshea sabuni, anika siku mbili, harufu iishe. Boksi la Bi Mkubwa liingie humo, pembeni yake jerikeni ya lita 5 yenye maji ya nyuzi 40, yaani moto unaovumilika mkononi. Maji lita 5 yakipoa kutoka 40 hadi 20 yanatoa karibu kilojuli 420. Hiyo ni sawa na kipasha joto cha wati 12 kwa saa kama 10. Bure, na jerikeni haiungui.

#28 Msomaji_Kimya
Mara yangu ya kwanza kuandika hapa. Hesabu ya #27 ni sawa ila usimwambie wati 12 kwa saa 10, kana kwamba inatoka sawasawa. Nyingi inatoka saa tatu za mwanzo, alfajiri inayohitajika inabaki kidogo. Aifunge jerikeni kwa blanketi. Na asifunike foamu yote, mvuke ukikosa pa kutokea ukungu mweupe utaota kwenye udongo.

#29 SolaJinja
Nakubali. Blanketi. Karibu jukwaani, kimya ulikuwa unafanya nini muda wote.

#30 Mkiga_Halisi
Agandi. Kabale mnaichafulia jina, nyumba ya tofali na watu watatu ndani haina 13. Muulize mama mwenye nyumba anaotesha wapi mtama wa bushera, kile kinywaji chetu. Mtama ukiwa unaota kwenye gunia unatoa joto wenyewe, ukiingiza mkono unasikia uvuguvugu kama chini ya kuku aliyelalia mayai. Sisi hatukuwahi kununua umeme wa kupasha kitu chochote. Kuna daima chumba kimoja cha moto katika nyumba ya Mkiga, na ni cha bushera.

#31 Mgeni_wa_Kabale
Mama mwenye nyumba hajui kwamba nina buibui.

#32 Mkiga_Halisi
Ooo.

#33 Mgeni_wa_Kabale
Taarifa. Nimeazima themomita yenye waya kwa jamaa anayetengeneza friji. Nimepima siku tatu, ncha ndani ya udongo, karibu na shimo lakini si ndani.
Saa 12 asubuhi: 17, 17.5, 17.
Saa 8 mchana: 19.5, 20, 19.5.
Saa 3 usiku: 19, zote tatu.
Kwenye saruji yenyewe, asubuhi, 16.
Simu siku hizo hizo iliandika 12, 13, 12.

#34 Nnabbubi256
Hiyo ni habari nyingine kabisa. 17 alfajiri si starehe ila si msiba. Wangu Kampala wanaona 18 msimu wa mvua na wanakula kama kawaida. Nahamia kwa Dada #12.

#35 MamaVifaranga_Mukono
Wanakula kwa sababu mchana Kampala inafika 27. Huyu mchana anaona 20, hapati hata saa moja ya kuota jua. Kifaranga au si kifaranga, tumbo lisilopata joto halisagi chakula. Angekuwa ameshiba cha zamani hakijasagika, angeombaje kingine?

#36 Nnabbubi256
Mama, hapo umenibana. Kusaga chakula kweli kunapungua kwenye ubaridi. Nyuzi 2 au 3 za mchana zingemsaidia. Ila mtu aliyefunga mlango kwa tope na hariri haombi chakula, ameandika "nimelala".

#37 Busia_Mpakani
Mimi bado sijaridhika. Nyumba yako iko wapi, ndugu? Namaanisha jirani na nini. Buibui hasikii kwa masikio, anasikia kwa miguu. Wangu aliacha kutoka shimoni nilipohamisha radio yenye spika kubwa kwenye meza yake. Nilipoitoa akatoka siku ya nne.

#38 Mgeni_wa_Kabale
Upande wa pili wa ukuta kuna kinu cha posho, cha kusaga unga wa mahindi. Kinaanza saa 2 asubuhi. Boksi limegusa ukuta huo.

#39 Busia_Mpakani
Kumbe tumeandika posti 37 kuhusu baridi na mtu amemlaza mgonjwa juu ya kinu.

#40 Mgeni_wa_Kabale
Kinu nimekizoea sikisikii tena!

#41 Gulu_Juakali
Wewe umekizoea kwa masikio mawili. Yeye ana miguu minane.

#42 Mzee_Bombo
Nilisema arudishwe.

#43 Dada_Entebbe
Mzee yuko nusu sahihi, ila tafadhali Mgeni usije ukachoka ukamwachia hapo kilimani. Wa Arua ni wa Arua, kama kumwachia ni kule kule mlikomtoa. Na siku ukitaka kuchukua mwingine porini, uliza kwanza UWA, mamlaka ya wanyamapori. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inazungumza habari za vibali, tusijifanye ni mende hao.

#44 Mhaya_Mutukula
Jina "tarantula" lenyewe ni la mhamiaji, kama mnapenda habari za kuhamahama. Limetoka Taranto, mji wa Italia, na aliyeitwa hivyo kwanza ni buibui mwingine kabisa wa kule, mdogo. Watu waliamini akikuuma lazima ucheze ngoma mpaka sumu itoke. Wazungu walipokuta hawa wakubwa Amerika wakawapa jina lile lile. Hawa wetu wa Afrika wanaitwa pia buibui-nyani, kwa vile ncha za miguu zinafanana na vidole vya nyani.

#45 Boda_Masaka
Mzee_Bombo, yule mbuzi alicheza?

#46 Mzee_Bombo
Heshima kijana.

#47 Mgeni_wa_Kabale
Taarifa ya pili, ndefu kidogo.

Jumapili ile ya kinu nilifanya yote kwa mpigo. Nililitoa boksi ukutani na sakafuni, nikaliweka kwenye rafu ya mbao, ukuta wa upande wa jiko la mama mwenye nyumba, ambako jioni tofali zinakuwa na uvuguvugu. Foamu sikupata, nimezungushia maboksi ya simu na shuka, jerikeni ya lita 5 kila usiku, imefungwa blanketi. Nilimwaga maji kona moja tu ya udongo, polepole, mpaka chini. Kwenye shimo sikugusa. Udongo asubuhi sasa ni 19.5, jioni 23.

Mama mwenye nyumba aliona maji ya moto yanaingia chumbani kila usiku akadhani nina mgonjwa. Ikabidi nimwonyeshe. Alisimama mlangoni akatazama muda mrefu, akauliza kama analipa kodi.

Siku ya 16, jana asubuhi, mlango wa shimo uko wazi na mbele yake kumetupwa kitu. Moyo uliruka. Nikakichukua kwa kibanio cha kazi. Ni ganda. Jepesi, halifikii uzito wa kadi ya simu. Miguu yote ipo mpaka kucha, ndani tupu kama glavu, kifuniko cha kifua kimefunguka kwa mbele kama boneti ya gari, na meno mawili meusi bado yamebaki kwenye ganda. Nikamulika shimoni. Bi Mkubwa yuko mdomoni mwa shimo, rangi ya kahawa mbichi, na meno yake mapya ni meupe, karibu yanapitisha mwanga.

Asanteni nyote. Sasa nani alikuwa sahihi?

#48 MamaVifaranga_Mukono
Nani tena! Wiki sita baridi, hakuna kitu. Siku 16 za joto, kazi imeisha. Hongera mwanangu.

#49 Dada_Entebbe
Mama, mlango aliufunga kabla ya posti ya kwanza. Soma #1. Alishaanza safari kwenye baridi ile ile, na kinu kikisaga. Angejivua tu.

#50 MamaVifaranga_Mukono
Angejivua lini? Krismasi?

#51 Nnabbubi256
Joto linaharakisha, hilo silibishi. Ila kama ni mtu mzima anaweza kufunga mlango miezi na akatoka siku anayotaka mwenyewe. Mimi nilikuwa na mmoja aliyekaa ndani tangu Pasaka mpaka Septemba, nyuzi 24 muda wote, hakuna kinu, hakuna kitu.

#52 Busia_Mpakani
Na kinu mmekisahau haraka hivyo.

#53 Mwl_Jiografia_Mbale
Mgeni umebadilisha joto, mahali, mtikisiko na maji siku moja, kisha unatuuliza kipi. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili ningewapa sifuri kwa hilo. Mimi nashikilia udongo: kile kina cha sentimita 12 hakijabadilika na bado ni kidogo. Mwongezee akishapona.

#54 Gulu_Juakali
Na maji. Kila mtu anasema joto, joto. Ngozi haivuki ikiwa kavu. Ile kona uliyomwagia ndiyo naiamini mimi.

#55 Nnabbubi256
Mgeni, mawili. Usimlishe mpaka meno yawe meusi kabisa, mpe siku 10 au zaidi, maji tu. Na ganda USILITUPE. Liloweke kwenye maji yenye tone la sabuni, ukishalilainisha fungua sehemu ya tumbo, tazama ndani kwenye mstari wa mapafu ya mbele. Jike ana kimfuko kidogo pale cha kuhifadhia mbegu, na ganda linatoka nacho.

#56 Mgeni_wa_Kabale
Kwani kuna shaka?

#57 Nnabbubi256
Umemtazama miguu ya mbele? Akiwa dume aliyekomaa mara nyingi atakuwa na vindoano kwenye jozi ya kwanza, na vile viguu vidogo vya mdomoni vitavimba nchani kama amevaa glavu za ndondi. Jike la hawa linaweza kuishi miaka mingi sana. Dume akishavua ngozi ya mwisho hana muda mrefu, na anaacha kujali chakula, anataka kutembea.

#58 Boda_Masaka
Bwana Mkubwa 😂

#59 Mgeni_wa_Kabale
Tumbo la ganda limechanika na kujikunja kama karatasi ya pipi. Nimeliloweka tangu saa 1, nalifungua kwa sindano ya kazi chini ya lenzi, naona kitu au ni mkunjo, siwezi kuapa. Mwenyewe ameingia ndani, miguu ya mbele haionekani.

Umeme nao umekatika. Mama mwenye nyumba amegonga, ameleta birika la maji ya moto bila kuombwa, na anaomba themomita kwa ajili ya bushera. Nimemwambia achukue, arudishe kabla ya saa 12 asubuhi nipime.